Maji ya Juu

Barua aliiandika binti yangu. Alipomaliza akaisoma kwa sauti, yeye amekaa mbele ya cherehani yake, mimi nimekaa kwenye kigoda mlangoni, mguu wangu mbovu nimeunyoosha juani.

"Baba, unasikiliza?"

"Nasikiliza."

"Mbona unatazama nje?"

"Macho ndiyo yako nje. Masikio ninayo hapa."

Akacheka kidogo, akaendelea. Barua ilisema hivi: kwamba mwaka jana halmashauri ya mji ilitenga fedha za kununua mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji ya visima. Kwamba visima vyote vilipimwa, ili chenye chumvi nyingi kipewe mashine kwanza. Kwamba kisima chetu, kinachojulikana na kila mtu kuwa kichungu, majibu yake yalichezewa ofisini, na mashine ikapelekwa mtaa wa juu, wanakokaa wakwe wa diwani. Kwamba ofisa aliyekuja na chupa za vipimo alipewa chochote ili aandike uongo. Na kwamba kwa sababu hiyo mama mmoja wa mtaa huu, mgonjwa wa presha na figo, amekufa akiingojea mashine hiyo.

Chini kulikuwa na mistari ya sahihi. Mstari wa kwanza ulikuwa wangu, kwa sababu mama huyo alikuwa mke wangu.

"Haya, weka jina," binti akanipa kalamu. "Jumamosi naisoma mkutanoni mbele ya diwani mwenyewe."

Jina langu naliandika vizuri tu. Nilifika darasa la nne. Na maneno yote ya barua ile yalikuwa yangu. Mwaka mzima nilikuwa nayasema pale kisimani, asubuhi na jioni, kwa kila aliyeleta ndoo: wametula, wametudhulumu, wamemuua mke wangu kwa kalamu. Binti aliyafua tu na kuyapiga pasi. Sasa yalikuwa yamesimama mbele yangu kwenye karatasi, na mkono wangu ukakataa.

"Nitaandika kesho," nikasema. "Bila miwani sioni."

"Miwani umeivaa, baba."

Nikaivua, nikaifuta kwa shati, nikainuka kama mtu aliyekumbuka kazi.

Mtaani wananiita Mzee Kamba. Zamani nilikuwa kibarua wa ujenzi, nikaanguka na jukwaa, mguu ukavunjika mara mbili na kuungwa mara moja. Nikawa sifai kupanda popote. Kamati ya mtaa ikanipa kisima nikilinde. Sasa ni mwaka wa kumi na tisa. Nafungua kifuniko alfajiri, napanga foleni, naokota ndoo zilizodumbukia, nabadilisha kamba ikianza kuota nywele. Si kazi ya kujivunia, wanasema wengine. Mimi nilijivunia.

Maji yenyewe, chumvi. Sabuni haitoi povu, inaganda tu juu kama utando. Ukibandika chai ya maziwa, maziwa yanakatika. Birika jipya likimaliza miezi miwili limeota ukoko mweupe ndani, mgumu kama chokaa ya ukutani. Muuza mkaa, jirani yetu asiyejua kunyamaza, alikuwa akisema mwenye duka wa kwanza mtaa huu alifilisika kwa kuleta chumvi.

Lakini kuna jambo wasilolijua wenye vyeti. Kisima kina juu na kina chini. Usiku kucha kisipoguswa kinatulia, maji mepesi yanakaa juu, chumvi inakaa chini. Kwa nini, sijui, sikusoma. Najua tu kwamba ukiwahi kabla hajaja mtu, ukaishusha ndoo polepole mpaka iguse, ukailaza ubavu kwa kuizungusha kamba kidogo kwa vidole viwili, ukachota ule utando wa juu peke yake, utapata maji karibu matamu. Ndoo moja, mbili kama mvua zilikuwa nzuri. Ukiishusha kwa kishindo, umeharibu. Wakishachota watu kumi, yamechanganyika, yamekwisha.

Ndoo ya kwanza ilikuwa haki ya mlinzi. Na tangu siku ile kliniki walipomwambia mke wangu aache chumvi, hata iliyomo kwenye maji, ndoo ile ikawa yake. Alikuwa akija nayo pale kisimani siku ambazo miguu haijamvimba, ananisimamia mgongoni, ananong'ona kama tuko chumba cha mtoto mchanga.

"Taratibu, Baba Watoto. Usikiamshe."

"Mimi na kisima tunajuana."

"Ndiyo maana nakwambia taratibu. Mnaojuana ndio mnaozoeana vibaya."

Basi nilikuwa nashusha kamba bila hata ya kufikiri. Mkono ulijua wenyewe.

Mwaka ule diwani alikuja akatutangazia habari za mashine. Alisema fedha zimepitishwa, mashine ni moja kwanza, nyingine itafuata, na haitakwenda kwa kujuana bali kwa vipimo. Tukapiga makofi. Mke wangu alikuwa nyumbani, nikamweleza. Akauliza, "Ina maana nitakunywa maji wakati wowote, hata saa nane mchana?" Nikamwambia hata saa nane mchana. Akakaa akitabasamu kama aliyeahidiwa safari.

Wiki mbili baada ya mvua za mwisho akaja kijana kutoka idara ya maji, kisanduku cha chupa mkononi, viatu vyeupe. Sisi tukambandika jina Bwana Chupa. Alikuja mapema sana, maana alikuwa na visima saba vya kupima siku hiyo, na dereva hakuzima hata gari. Mimi habari ya kuja kwake nilikuwa nayo. Nilifagia pale kisimani kama nyumba inayotarajia wakwe. Nilifunga kamba mpya. Watu niliwaambia wasubiri, mgeni wa serikali apite kwanza.

Kijana akanyoosha mkono aichukue kamba. Nikamzuia.

"Kamba hii haishikwi na mgeni, mwanangu."

"Haya mzee," akacheka, "chota wewe, mimi nisije nikaacha viatu humo."

Nikachota. Naapa sikufikiri. Asubuhi, kisima kimelala, mgeni amesimama. Mkono wangu ukafanya ulichozoea kufanya. Ndoo ikashuka kimya, ikalala ubavu, ikapanda na maji meupe kama kioo. Nikampa mgeni ndoo ya kwanza. Nikampa kilicho bora, ndivyo nilivyolelewa, mgeni hapewi makombo.

Akatumbukiza kijidude kama kalamu, kikaandika namba.

"Mia nane na sitini."

"Ni nzuri?"

"Mzee, nyinyi mmebarikiwa! Jana kuna kisima kimenipa elfu tatu na mia nne. Haya yako ni maji ya kunywa kabisa."

Na hapa ndipo ninapojichukia. Nilifurahi. Nilijisikia kama mtu aliyesifiwa mtoto wake shuleni. Nikamwambia, "Kisima ni kutunzwa." Akajaza chupa, akanipa karatasi, akanionyesha pa kuandika: aliyechota. Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa. Gari likaondoka.

Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Mke wangu alikuwa amekaa dirishani anachambua maharage kwenye sinia.

"Amekuja?"

"Amekuja, amepima, amesifu. Anasema tumebarikiwa."

"Umempa ndoo ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Ya kwanza ndiyo yangu."

"Nimekuletea ya pili, nayo si mbaya."

Akaliweka sinia chini taratibu. Akanitazama kwa muda, si kwa hasira, kwa ule mtazamo wa mtu anayehesabu mishono na kuona mmoja umeruka.

"Baba Watoto, watu wamekuja kutafuta chumvi. Wewe ukawapa maji yangu?"

Ndipo nilipoona. Kabla ya hapo, wallahi, sikuwa nimeona.

"Wana vyombo vyao," nikasema. "Watajua tu."

"Chombo kinasema ulichokipa. Kesho nenda ukawaambie."

Kesho yake sikwenda. Nilijiambia mguu unauma. Nilikwenda Jumatatu. Ofisini kwa watu wa maji kuna dirisha lenye nyavu, na nyuma ya nyavu karani mwenye simu sikioni. Nikangoja amalize. Nyuma yangu foleni ilikuwa imejaa.

"Sema, mzee."

"Nimekuja kuhusu maji ya kipimo. Yale niliyowapa siyo."

"Siyo ya kisima chenu?"

"Ni ya kisima chetu. Ila ni ya juu."

"Ya juu wapi?"

"Juu ya maji."

Foleni ikacheka. Karani naye akacheka, akamgeukia mwenzake aje asikie. "Huyu mzee amekuja kujishitaki kwamba maji yake ni matamu mno." Halafu akapitisha fomu chini ya nyavu, kurasa tatu. "Jaza, eleza kosa la sampuli, rudisha."

Sampuli! Neno lenyewe nililisikia siku hiyo. Nikaikunja fomu nikaitia mfuko wa koti. Njiani nikawatukana wote, karani, bosi wake, na aliyewajengea ofisi. Watu wa kushika kalamu wana ugonjwa huu: ukiwaambia jambo kwa mdomo ni kichekesho, mpaka uliandike. Na asiyejua kuandika afanye nini? Binti yangu angenijazia kwa dakika kumi. Lakini ningelazimika kumwambia baba yake amefanya nini.

Nilipoingia ndani mke wangu akauliza, "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Watakuja kupima tena."

Uongo huo ulinitoka rahisi kuliko pumzi. Nilidhani nitaurekebisha baadaye, nitakwenda siku nyingine, foleni ikiwa fupi. Kila wiki ilikuwa na sababu yake.

Yeye akaamini. Alichukua chupa mbili za plastiki, akazibandua karatasi, akaziosha kwa maji ya juu, akaziweka dirishani kichwa chini. "Wakija wasikose chombo," akasema. Kila Ijumaa aliziosha tena. Gari likisimama nje anainua shingo: "Ndio wao?" Nasema hapana, ni gari la magodoro. Hapana, ni mtu anauliza njia. Siku nyingine alikuwa anauliza kwa macho tu.

Ukaja ukame. Jua likakikausha kisima mpaka kamba ikawa haitoshi, nikaunga nyingine. Ule utando wa juu ukawa mwembamba kama ngozi ya kitunguu, halafu ukapotea. Nilikuwa naamka mapema zaidi, nashusha taratibu zaidi, napandisha chumvi ile ile wanayochota wengine. Nampelekea. Anameza funda la kwanza, anaweka kikombe.

"Leo kisima hakikulala vizuri," anasema.

Hakusema zaidi ya hapo. Angesema, angenitukana, afadhali.

Mashine ikaenda mtaa wa juu. Tuliliona lori likipita na tangi la bluu mgongoni. Mke wangu akasema, "Labda ya kwetu iko nyuma." Nikasema labda. Mimi na binti tukaanza kwenda huko kusimama foleni na madumu, lakini ni mbali, na mguu wangu, na cherehani yake. Hatukuweza kila siku. Mwezi uliofuata tukampeleka hospitali, hakurudi.

Sisemi maji yalimuua. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi, na kwamba kila kitu kilichangia kidogo. Nilimuuliza kidogo ni kiasi gani. Akaniambia, "Mzee, hatuna kipimo cha hilo." Basi na wao kuna wasichoweza kupima.

Tulipotoka makaburini nikaanza kelele. Nilipiga kelele mwaka mzima. Kelele nyingi hivyo humsaidia mtu asijisikie.

Jumamosi mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Diwani mbele, mama mnene mwenye sauti ya kipaza, pembeni yake Bwana Chupa na faili. Viatu vyeupe hakuvaa safari hii. Alikuwa amekonda, au labda ni mimi nilikuwa sijamtazama vizuri mara ya kwanza.

Binti alisimama akaisoma barua. Mstari wangu ulikuwa bado mtupu, alikuwa ameniambia asubuhi, "Utaweka hukohuko, mbele yao, iwaume vizuri." Alisoma vizuri. Alipofika mahali pa mama yake sauti haikutetemeka, ila kidole gumba kilikuwa kinaikunja pembe ya karatasi.

Watu wakashangilia. Diwani akangoja wanyamaze.

"Nimesikia. Sasa na nyinyi nisikilizeni. Fedha ya mashine ya pili ipo, imepitishwa. Orodha ya visima inafungwa mwisho wa wiki ijayo. Lakini kisima chenu hakimo, kwa sababu namba yenu hii hapa: mia nane na sitini. Mimi siwezi kupeleka mashine ya kuondoa chumvi mahali pasipo na chumvi, mkaguzi atanila mzima."

"Njoo unywe hapa kwetu halafu useme hapana chumvi!" akapiga kelele muuza mkaa.

"Mimi nafuata karatasi."

"Karatasi haielewi presha, Mheshimiwa!"

Darasa likalipuka. Diwani akamgeukia kijana. Bwana Chupa akasimama, faili amelikumbatia kifuani.

"Mimi nilipima nilichopewa," akasema.

"Ulipewa nini?" Muuza mkaa alikuwa amesimama juu ya dawati. "Hapo ndipo tunapotaka! Tuambie ulipewa nini!"

Vicheko, miluzi. Diwani akapiga meza.

"Hilo ni shitaka zito. Likiwa kweli, huyu hana kazi kuanzia leo, na mimi nitakuwa wa kwanza kumfukuza. Nani anao ushahidi? Nani alikuwepo siku ya kupima?"

"Baba yangu alikuwepo," binti akasema. Akanigeukia, uso umemchangamka. "Baba, simama useme ulichoona."

Nikasimama. Goti lilipiga kelele. Nilijua kabisa nilichotakiwa kufanya. Kuitikia kwa kichwa tu. Neno moja, na kijana yule anakwenda zake na mashine tunaipigania kwa hasira, na mimi nabaki mzee aliyedhulumiwa, ambaye watu humpisha njiani. Nilimtazama binti yangu. Ana macho ya mama yake, yale ya kuhesabu mishono.

"Huyu kijana hakupewa kitu," nikasema. "Mimi ndiye niliyechota."

"Tunajua ulichota, baba, sema—"

"Niache niseme, mama. Alitaka kuchota mwenyewe nikamkataza. Nikampa maji ya juu. Ndoo ya kwanza, ya asubuhi, kisima kimelala. Maji ambayo hakuna hata mmoja wenu hapa aliyewahi kuyanywa. Nilimpa maji ya mke wangu."

Hawakuelewa. Ikabidi niwaeleze yote, vidole viwili, ubavu wa ndoo, chumvi inavyokaa chini. Nilieleza kama mtu anayevua nguo. Nilipomaliza muuza mkaa alikuwa bado amesimama juu ya dawati.

"Mzee Kamba," akasema polepole, "mwaka mzima umetukalisha pale juani tunatukana watu, kumbe mwizi wa mashine ndiye mwenye kamba?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Akashuka.

Aliyecheka ni diwani. Cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. "Mmesikia wenyewe! Sokoni siendi kwa matusi yenu, kumbe—"

"Mheshimiwa, usicheke," nikamkata. Sijui nguvu niliitoa wapi. "Mimi nilikosea kwa ndoo moja. Nyinyi mliweka roho za mtaa mzima ndani ya ndoo moja, ya asubuhi moja, gari linanguruma. Hamkuuliza watu wanakunywa nini mchana. Hamkurudi kiangazi. Nikaja dirishani kwenu kusema, mkanicheka mkanipa karatasi. Sasa tena unacheka."

Diwani akatazama meza. Bwana Chupa ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Nitakuja kupima upya. Jumatatu asubuhi. Kama Mheshimiwa ataruhusu." Diwani akapunga mkono, kwamba ruhusa. Hakuahidi kitu. Akasema tu kwamba namba ikibadilika jina litaingia kwenye orodha, na orodha ina foleni yake.

Binti aliikunja barua mara nne. Alitembea mbele yangu njia nzima, sijawahi kumwona akitembea haraka vile. Nilimkuta ndani amesimama.

"Mama alijua?"

"Alijua siku hiyohiyo. Aliniambia niende nikaseme."

"Ukaenda?"

Nikaenda ukutani lilipotundikwa koti, nikatoa ile fomu. Mikunjo ilikuwa imekwisha kuchanika. Akaifungua. Kurasa tatu tupu, isipokuwa juu pale, jina langu kwa herufi kubwa. Hapo ndipo nilipoishia.

"Mimi ninakaa humu humu," akasema. "Kalamu ziko kwenye droo."

"Najua."

"Na mama ulimwambia nini?"

"Nilimwambia watakuja."

Akageuka kutazama dirishani, zile chupa mbili, bado ziko kichwa chini, zimeshika vumbi. Tulikuwa hatujazigusa tangu msiba, kila mtu kwa sababu yake.

"Nilikuwa namuuliza za nini," akasema. "Anasema za wageni."

Akakaa kwenye cherehani akanipa mgongo. Mpaka jioni niliisikia ikienda, ikisimama, ikienda, ikisimama. Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba. Lakini chakula aliniwekea.

Jumatatu Bwana Chupa alifika kukicha, kwa miguu, bila gari. Watu walikuwa wameshakusanyika, wamesimama mbali kidogo na mimi, kama nina kidonda. Binti alikuja wa mwisho. Mkononi alikuwa na zile chupa mbili, amezifuta vumbi.

"Tumia hizi," akamwambia kijana.

"Ninazo zangu, dada. Hizo ni safi?"

"Zilioshwa kila Ijumaa."

Kijana akanitazama, akatazama chupa, akazipokea. Sidhani alielewa, lakini hakuuliza.

"Mzee, chota wewe," akasema.

Nikaishika kamba. Mvua zilikuwa zimerudi wiki iliyopita na kisima kilikuwa kimelala vizuri, usingizi mzito. Niliuona uso wake kule chini, laini, haujakunjwa. Maji ya juu yalikuwa yamerudi. Mwaka mzima wa ukame nilikuwa nayangoja, na yalikuja sasa, hayana wa kuyanywa. Mkono ukaanza wenyewe kushusha, taratibu, vidole viwili.

"Hapana," kijana akasema. "Nataka yale wanayokunywa watu. Uyachanganye kwanza. Unaweza?"

Naweza. Ni kazi ya mtoto yeyote, kuachia ndoo ianguke. Lakini nilisimama pale na kamba mkononi, watu wakaanza kukohoa. Miaka kumi na tisa sijawahi kufanya hivyo. Nilikuwa nawagombeza wanaofanya.

Nikamsikia binti nyuma yangu, mahali palepale alipokuwa akisimama mama yake.

"Kiamshe, baba."

Nikaachia. Kamba ilipita viganjani ikiunguza, ndoo ikapiga maji kwa kishindo kilichorudi mara mbili kwenye kuta. Nikaivuta juu nikaiachia tena. Na tena. Matope yakapanda, uso ule laini ukavunjikavunjika. Niliendelea hata kijana aliposema basi, yatosha mzee. Halafu nikachota.

Akatumbukiza kijidude chake, akasubiri.

"Elfu tatu na mia saba," akasema, na safari hii hakuna aliyemsifu mtu. Akajaza chupa ya mke wangu mpaka shingoni, akaikaza kifuniko, akanipa karatasi na kalamu. Nikampa binti. Akaandika yeye, na palipoandikwa aliyechota akaandika jina langu.